Kilio cha Kiairishi Hasamba

Mwaka ule nilipofanywa mtaalamu wa huzuni ya Ayalandi, hakuna aliyeniuliza kama nina nafasi. Afisa utamaduni alinipigia simu kutoka Vwawa, kwa sauti ya mtu ambaye ameshakubali kwa niaba yako, akaniambia kuna mradi wa washairi wa lugha ndogo za dunia. Mshairi wa lugha ndogo ya kule anatafsiriwa kwa lugha ndogo ya huku, na mwisho wa yote panatoka kitabu. Lugha ndogo ya huku ilikuwa Kinyiha. Mnyiha aliyesoma fasihi na ambaye simu yake inapatikana nilikuwa mimi.

Nilimwambia mimi ni mwalimu wa Kiingereza, nafundisha sekondari Tunduma, na Kinyiha nilichobaki nacho ni cha kuagizia chumvi na kufukuzia mbuzi. Akacheka kwa adabu. Akasema Mwalimu usijishushe, halafu akakata simu kabla sijajishusha zaidi.

Mashairi yakaja kwenye simu, kwa Kiingereza. Hapo nilianza kucheka na sikuacha kwa muda mrefu. Mshairi yule alikuwa anaandika kwa Kiairishi, lugha ambayo, kwa maelezo ya mradi, Kiingereza kiliikaba koo kwa karne kadhaa. Mimi sijui Kiairishi hata salamu. Yeye hajui Kinyiha. Kwa hiyo ili anilalamikie jinsi Kiingereza kilivyowamaliza, ilibidi alalamike kwa Kiingereza, nami nimwelewe kwa Kiingereza, ndipo nihamishe malalamiko. Mtuhumiwa alikuwa ndiye mkalimani wa kesi, na kazi alikuwa anaifanya vizuri sana.

Niliyasoma katika chumba cha walimu, nje malori yakipiga honi kwenye foleni ya kwenda Zambia. Giza lile sijapata kuliona. Watu walikuwa wanakufa mapema mno. Ukifika mstari wa tatu kuna mfupa, wa nne kuna kunguru, wa tano bibi kizee anatoka kwenye kinamasi na matope kinywani, wala hasemi kitu, maana lugha yake imezikwa. Mwezi mweusi. Maziwa meusi. Kulikuwa na shairi zima kuhusu mlango, nikasema afadhali, huu ni mlango tu, nikaufungua nikakuta maiti. Mwalimu mwenzangu wa hesabu aliniuliza ninasoma nini hata nimekunja uso hivyo. Nikamsomea kidogo. Akauliza kama kule kwao hakuna jua, na kwa kweli wahakiki wengi wa fasihi wameuliza maswali mabaya kuliko hilo.

Mawili hayakunichekesha.

La kwanza lilikuwa la kijiti. Zamani kule kwao mtoto wa shule alivishwa kijiti shingoni kwa kamba, na kila aliposikika akisema neno la Kiairishi, kijiti kilitiwa alama kwa kisu. Jioni mwalimu alihesabu alama, akachapa kwa idadi hiyo. Katika shairi, mtoto amekufa zamani lakini kijiti anacho bado, na huko chini udongoni anaendelea kuhesabu.

Kijiti kile nilikuwa nakifahamu. Shule ya msingi tulichapwa kwa kusema Kinyiha, kwa sababu Kiswahili ndiyo lugha ya taifa na sisi tulikuwa tunachelewesha taifa. Nikafaulu kwenda sekondari ya wasichana, ya bweni, nikakuta huko Kiswahili chenyewe ndicho kosa. Aliyesikika akikisema alivishwa ubao shingoni, akaubeba mpaka amsikie mwenzake amekosea, amhamishie. Wasichana tulijifunza Kiingereza kidogo na upelelezi mwingi. Aliyetuwekea ubao huo alikuwa mtawa mwenye mashavu mekundu na moyo mzuri, aliyetugawia peremende sikukuu na kulia tulipomaliza shule. Alitoka Ayalandi.

Kwa hiyo nimechapwa kwa ajili ya Kinyiha, nimevishwa ubao kwa ajili ya Kiswahili, na leo nakula kwa Kiingereza. Anayetaka kujua wakoloni walituachia nini aje aangalie sahani yangu ya mchana. Na haya nayaandika kwa Kiswahili, kile kile nilichotiwa kwa fimbo, ambacho sasa nakipenda kama mtu anavyompenda mama wa kambo aliyeishi naye miaka mingi mpaka wakazoeana.

Shairi la pili lilikuwa la viazi. Ni mwaka wa njaa, mwanamke anachimba shambani kwake, na kila kiazi anachokitoa ni cheusi, kimeoza, na kina mdomo. Midomo yote inaongea kwa sauti ya mume wake aliyekufa, kwa lugha ambayo mwanamke amekatazwa kuisema. Hawezi kuitika. Hawezi kumlilia. Anavirudisha viazi chini, kimoja baada ya kingine, anafukia, anakwenda zake.

Nilipomaliza hilo nilizima simu, nikatoka kwenda kuangalia malori. Nilikuwa nimemwona mama yangu.

Baba alifariki miaka michache kabla ya hapo, nyumbani Hasamba, na alizikwa vizuri mno. Kulikuwa na turubai, vipaza sauti, kwaya yenye sare, kinanda, mshereheshaji na ratiba iliyopigwa chapa. Kila jambo lilikuwa na dakika zake isipokuwa mama. Kwetu zamani mwanamke alimwimbia mume wake kilio kwa Kinyiha. Alisimama, akamsimulia marehemu maisha yake, akamsifu, akamgombeza, akamuuliza kwa nini ameondoka, na wanawake wakaitikia. Wamisionari wa kwanza walisema huo ni upagani. Wamisionari wakaondoka, wazee wetu wa kanisa wakabaki na lile katazo, wakalitunza vizuri kuliko hata waliolileta. Mama aliposimama kando ya kaburi akafungua kinywa, mzee wa kanisa alimshika bega kwa upole kabisa. Alimwambia, “Mama, tulia. Tuna ratiba.” Akampa ishara mpiga kinanda.

Mama akakaa. Angefanya nini? Kwetu anayeng'ang'ania mambo hayo anatengwa. Haendi meza ya Bwana, na akifa kanisa halimziki. Kwa mwanamke wa umri wake, aliyefagia kanisa lile tangu likiwa la nyasi, kuzikwa bila kanisa ni sawa na kutupwa. Alikaa akasikiliza kinanda mpaka udongo ulipofunika kila kitu. Tangu siku hiyo alikuwa akisema neno moja tu kuhusu mazishi ya baba, kwamba yalikuwa mkutano mzuri. Baba hakuliliwa, na hilo lilikuwa limemkaa mama kifuani, wala hakukuwa na dawa ya kulitoa. Nilikuwa na hasira na mzee yule, na bado ninayo kidogo.

Basi mshairi akaja. Nilimpokea Tunduma, stendi, na nilimtambua bila shida. Shati jeusi, suruali nyeusi, viatu vyeusi ambavyo vumbi letu lilikuwa limeshaanza kuvirekebisha. Vijana wa kubadilisha fedha walimzunguka wakimwita kwa Kibemba na Kiingereza, naye akawashukuru mmoja mmoja. Alikuwa mtu mwema, na niseme hivyo mapema, kwa sababu nitamcheka sana.

Tulikunywa chai. Alinieleza kuhusu giza. Alisema ushairi wa lugha yao siku hizi umejaa makaburi kwa sababu anayeandika kwa lugha iliyopigwa anaandika akiwa na maiti mezani. Alisema kila neno la Kiairishi analoliandika anahisi kuna mtu alichapwa kwalo. Lilikuwa jambo zuri, nami lilinigusa. Ndipo nikamwambia kuhusu ubao, na kuhusu mtawa, na mtawa alikotoka.

Akaweka kikombe chini, akawa mwekundu kuanzia shingoni.

“Mmoja wetu?” akauliza.

“Mmoja wenu. Alikuwa anatuimbia nyimbo za kwenu za kumlaani Mwingereza, kwa Kiingereza, huku sisi tumevaa ubao.”

Nikaanza kumwonea huruma. Kisha akatoa kalamu, akaliandika. Washairi ni kama kuku wa kienyeji, hakuna kinachoanguka wasichokidonoa.

Kesho yake tulikodi gari kwenda Hasamba. Tulipita Vwawa, kwa sababu huwezi kumpeleka mzungu kijijini bila kumpitisha ofisini, na afisa utamaduni alipiga naye picha akiwa ameshika shairi juu chini. Kisha tukaingia barabara ya vumbi, kahawa pande zote mbili, mshairi akitazama nje na kusema mara kwa mara kwamba hakutegemea pawe kijani namna hii. Sikumuuliza alitegemea rangi gani.

Mama alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaniuliza kwa Kinyiha kama mgeni amefiwa. Nikamwambia hapana, ndivyo anavyovaa. Hakuniamini. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akampa pole, na mshairi, ambaye nadhani hakuna aliyewahi kumpa pole kwa mavazi yake, akamshukuru kwa dhati.

Tukakaa jikoni, mama akichagua maharage kwenye ungo. Kazi ilikuwa hivi: nilisoma mstari kwa Kiingereza, nikaueleza kwa Kinyiha changu cha mbuzi, mama akausema kwa Kinyiha cha watu, nami nikauandika. Tulianza na la viazi, na mstari wa kwanza tu tulikwama, kwa sababu mama alitaka kujua ni viazi vya aina gani. Nikamuuliza mshairi. Hakujua. Mama akauliza kama hawakupiga dawa ya ukungu, maana kuoza kwa namna hiyo ni ukungu, na ukungu unaonekana kwenye majani mapema kama mtu anatembelea shamba lake. Mshairi akasema zamani hizo dawa haikuwepo, na kwamba kiazi hapa ni zaidi ya kiazi. Nilitafsiri hilo. Mama akasema hata hivyo, matuta yalikuwa ya nafasi gani.

Ikabidi mtu wa watu aseme ukweli. Alikuwa amejaza viazi katika nusu ya mashairi yake, na watu amewazika humo, lakini hajawahi kupanda hata kimoja. Vyake hununua dukani, vimeshakatwa, viko kwenye mfuko. Mama alimwonea huruma zaidi kuliko alivyomwonea kwa nguo nyeusi.

Tukaendelea. Tulipofika kwenye midomo mama hakushangaa kama nilivyotegemea. Aliuliza tu inasema nini. Nikamwambia inaongea kwa sauti ya mume wa yule mwanamke, aliyekufa.

“Alimlilia?” mama akauliza.

“Hakumlilia. Alikatazwa.”

Mikono yake ikasimama juu ya maharage. “Nani alimkataza?”

Nikamgeukia mshairi. Alijibu kwa kirefu na kwa ufasaha: sheria, wenye ardhi, shule, aibu, himaya, na namna himaya inavyohamia ndani ya mtu na kukaa humo hata baada ya askari kuondoka. Maneno mazuri sana. Mama alikuwa ananisubiri mimi, na Kinyiha changu hakikuwa na hata moja kati ya hayo.

“Wazee wa huko,” nikasema.

Mama alinitazama. Kisha akaweka ungo chini, akasimama, akajifunga kitenge kiunoni. Alisema maneno ya namna hiyo hayasemwi mtu amekaa jikoni anachagua maharage. Akatoka nje, akasimama mbele ya mlango wa nyumba, uso kuelekea barabarani.

Hapa lazima nieleze kitu. Kwetu kilio huanzia mlangoni, na anayekisikia haulizi. Mwanamke anayesikia kilio anachukua kuni, mwingine unga, mwanaume anachukua jembe, wanakuja, wanaweka chini, ndipo wanapojua ni nani. Kuuliza kwanza ni kama kusema kuna wafu ambao ungewabebea kuni na wengine ambao usingewabebea. Na kuni zikishawekwa penye kilio hazirudi. Ukizibeba kwenda nazo kwako umebeba kifo mwenyewe. Kanisa limeshindwa kuondoa hilo, au labda halijajaribu, kwa sababu kuni zenyewe zinapikia na wachungaji.

Mimi nililijua hilo tangu nazaliwa. Naapa kwamba wakati mama anafungua kinywa sikulikumbuka kabisa.

Mistari michache ya kwanza alikuwa mwaminifu. Aliimba kwamba anachimba na mkono unatoka mweusi, anachimba na mkono unatoka mweusi. Mshairi alikuwa ameshatoa simu anarekodi, uso wake unang'aa. Aliimba kwamba shamba lina midomo. Akaimba kwamba midomo inamwita. Kisha mume wa kwenye shairi akapata jina, na jina lilikuwa la baba.

Baada ya hapo Ayalandi haikuwepo tena pale. Alimwimbia baba baiskeli yake isiyo na breki, aliyokuwa akiisimamisha kwa soli ya kiatu. Alimwimbia ile mikahawa ya zamani aliyoamriwa na bwana shamba aing'oe, naye akaiacha, na jinsi ilivyozaa ikamcheka bwana shamba msimu uliofuata. Alimgombeza kwa kikohozi alichokificha. Alimuuliza kwa nini alikubali kuondoka kinanda kinapigwa, yeye ambaye kinanda kilikuwa kinamuudhi, na kwa nini hakugonga sanduku watu wakasikia. Sauti yake sikuwa nimewahi kuisikia ikiwa hivyo. Mama yangu ninayemjua anaongea kwa kunong'ona, na Kiswahili chake ni cha kuomba radhi. Huyu aliyesimama mlangoni hakuwa anamwomba radhi mtu yeyote.

Nililia sana. Nilimlilia baba, nikalia pia kwa sababu nusu ya maneno yalikuwa yananipita, na nilikuwa binti yake.

Wakaanza kuja. Jirani wa chini na kuni kichwani. Mke wa fundi na beseni la unga. Wengine wakitokea kwenye mikahawa na majembe begani, wamevua kofia. Waliweka vitu chini bila neno, wanawake wakajipanga nyuma ya mama wakaanza kuitikia, wale wakubwa kwanza, ambao nilidhani wamesahau. Hawakuwa wamesahau hata kidogo. Walikuwa wamenyamazishwa tu, na kumbe hayo ni mambo mawili tofauti.

Mshairi alinivuta kando. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Alisema kwao akisoma mashairi wanakuja watu sita, na wawili ni dada zake. Aliniuliza watu wote hawa wamejuaje kwamba kuna shairi. Nikamwambia huku tunapenda fasihi.

Ndipo mzee wa kanisa akatokea. Ni yule yule wa ratiba. Alikuwa amesikia kilio kutoka shambani kwake, naye ni mtu wa Hasamba kama wengine kabla ya kuwa mtu wa kanisa, kwa hiyo hakuuliza. Alikuja na gogo zuri la mkaratusi begani, akaliweka juu ya kuni nyingine, akavua kofia. Kisha akanyanyuka akasikiliza. Nilimwona anavyosikiliza, na uso wake unavyobadilika kila jina la baba lilipotajwa. Akanijia haraka.

“Mwalimu, nani amefariki?” akauliza.

“Hakuna aliyefariki leo, mzee. Ni kazi ya mradi. Yule mgeni ameleta shairi, mama analitafsiri.”

Alimtazama mama. Akamtazama mzungu na simu yake. Akarudi kwenye lile rundo, akainama, akalishika gogo lake alinyanyue. Wanawake wa karibu wakageuka wote wakamtazama, bila kuacha kuitikia. Gogo lilikuwa limeshafika magotini. Mtu huyu amehubiri dhidi ya ushirikina tangu nikiwa na meno ya utoto, na nilimwona kwa macho yangu akifikiria ile njia ya kwenda kwake, na mke wake, na wajukuu wake, na gogo la kilio likiingia mlangoni mwake. Akalirudisha chini taratibu. Akajifuta mikono kwenye suruali, akasimama pembeni kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Kuni zilikuwepo, unga ulikuwepo, maharage ya mama tayari yalikuwa yamechaguliwa. Kukapikwa. Watu walikula, wakamzungumzia baba, wakasimulia ile siku breki ya kiatu ilipomshinda akaingia na baiskeli kwenye kikao cha kijiji. Mshairi alikula kwa mkono, akaniomba nimthibitishie kama tafsiri ya mama ilikuwa aminifu. Nikamwambia sijawahi kuona tafsiri aminifu kama ile. Kuna mahali katika kitabu kile, upande wa kulia, baba yangu amepanda baiskeli, na upande wa kushoto ni viazi, na watu wa mradi wameridhika.

Wazee walimwita mama kabla ya Jumapili ya meza ya Bwana. Nilitoka Tunduma kumsindikiza. Njiani nilikuwa na hofu zaidi yake, kwa sababu mimi ningeweza kuishi bila kanisa lile, yeye asingeweza, na ni mimi niliyempeleka mzungu na viazi vyake mlangoni kwake. Alivaa kitenge chake cha sikukuu.

Walikuwa wamekaa nyuma ya meza yenye kitambaa cheupe. Yule mzee ndiye aliyeongoza, kwa Kiswahili, kwa sababu mambo ya kutenga watu hufanywa kwa Kiswahili. Alisema imesikika kwamba mama ameomboleza kipagani, hadharani, kwa sauti, na kuwakusanya watu. Akasema kanisa linampenda, lakini utaratibu ni utaratibu. Akamuuliza kama ni kweli.

Mama alijibu kwa Kiswahili chake kidogo, polepole, akiyachagua maneno kama alivyochagua maharage.

“Sikuwa naomboleza, mzee. Nilikuwa natafsiri.”

Walitazamana. Mmoja akanigeukia, akauliza kama kuna kitu kama hicho. Nikasema kipo, kinatambuliwa mpaka ofisini Vwawa, na kuna picha.

“Lakini tulisikia jina la marehemu,” mzee akasema. “Mara nyingi.”

“Shairi lilisema mume,” mama akasema. “Mimi mume niliyekuwa naye ni huyo mmoja. Ningetafsiri mume wa nani?”

Nje kulikuwa na mtu anapima sauti ya kinanda kwa ajili ya Jumapili, anabonyeza sauti moja hiyo hiyo. Mama akamtazama mzee moja kwa moja, kwa heshima zote.

“Na gogo lako lilikuwa kavu, mzee. Liliwaka vizuri. Nakushukuru.”

Wenzake walimgeukia mzee wa kanisa sasa, na niliona wawili hawakuwa na habari za gogo. Akasema tuombe. Aliomba kwa kifupi sana, na tulipofumbua macho mambo yalikuwa yamekwisha, bila mtu kusema yamekwishaje. Tulipokuwa tunatoka alinifuata hadi mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mradi ule wa lugha ndogo una kipengele cha mabati ya paa la kanisa.

Tulirudi kwa miguu kati ya mikahawa. Nilikuwa nataka kucheka, na nilikuwa nataka kumkumbatia, lakini kwetu hatukumbatiani hovyo, kwa hiyo nilimbebea mkoba. Tulienda hivyo mpaka karibu na kaburi la baba, ambalo liko nyuma ya nyumba. Mama akasimama akang'oa magugu mawili matatu.

“Yule mgeni wako,” akasema kwa Kinyiha, “ana mashairi mengine?”

“Anayo mengi. Yote ya wafu.”

“Lenye mama ndani yake lipo?”

Nikafikiri. Nikamwambia lipo la bibi kizee anayetoka kwenye kinamasi, ana matope kinywani, hawezi kusema.

Alitupa magugu pembeni, akajipangusa mikono kwa upindo wa kitenge.

“Lete hilo,” akasema. “Mama yangu naye walinikataza kumlilia. Na pita kwa jirani wa chini umwambie aanike kuni mapema, za mara ile zilikuwa na moshi.”